Maneno Kumi na Mawili ya Tangi la Nyanyako

Saumu mwanangu,

Karatasi hizi nimemwomba msimamizi wetu wa dobi. Ukizigeuza utaona zimechapwa orodha ya mashuka, foronya na taulo za wageni. Upande huo ni wa hoteli, wako ni huu. Mashine tatu zinazunguka, ya nne imegoma tangu asubuhi, na miguu yangu imegoma pamoja nayo. Nimekaa juu ya kapu la nguo chafu. Nina nafasi mpaka mzigo huu ukauke, kisha mwingine, kisha zamu iishe. Nyumbani nisingeweza kuandika. Ungeniona na kalamu ungesema, "Mama, waandika nini?" na kabla sijafungua mdomo ungekuwa umeshajijibu.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Eldoret kusomea afya ya mifugo. Habari ya sweta, ya kula kwa wakati, ya swala na ya wavulana nimeshaisema mpaka unaweza kunisomea kwa ghaibu, na sauti yangu unaiiga vizuri, nimekusikia ukiwachekesha wenzako. Leo nayaacha hayo. Nataka nikwambie kosa langu moja ambalo nimekuficha miaka sita, kwa sababu jana tulipokuwa tunakula nililiona limekaa karibu na sahani yako.

Uliniambia, "Mama, zile pesa zangu za kujikimu za muhula mzima, nikiziweka mahali wiki tatu tu, zitarudi mara tatu."

"Mahali gani?"

"Kuna sarafu mpya ya mtandaoni. Bado iko priseli, haijafunguliwa kwa watu wote. Admini wa kikundi chetu anatoa na eadropu kwa wa mwanzo. Nimeshaweka mia tano ya kujaribu, sasa hivi inasoma elfu moja na mia nane! Na nikileta marafiki wawili napanda daraja."

"Saumu, harufu hiyo naijua."

Ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Mama, na heshima zako zote, wewe hata waleti hujui ni kitu gani."

Nikaendelea kutafuna, ukadhani umenipata. Ni kweli nilikuwa na mwiba wa samaki mdomoni. Lakini pia nilikuwa na aibu ya miaka sita, na hiyo haitemeki upesi. Asubuhi kabla sijatoka nilikwambia neno moja tu: jaribu kuitoa hiyo mia tano, uione mkononi, kabla hujaongeza hata ndururu. Ukaitikia "Haya, Mama" kwa sauti ya mtu aliyejifunika shuka mpaka kichwani. Sijui kama ulinisikia.

Basi sikiliza. Ulikuwa darasa la sita, tunakaa Kinango kwa nyanyako baada ya mimi na babako kuachana. Unaukumbuka mweria wetu: wanawake kumi na wawili, leo majembe yote shambani kwa Kadzo, kesho kwa Bi Mwanamvua, kesho kutwa kwetu. Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyeandika, lakini hakuna aliyesahau. Ukikosa bila sababu, zamu yako ikifika unahesabu majembe matatu tu. Unakumbuka pia kwamba mwaka ule mweria ulivunjika, ukaniuliza kwa nini, nikakwambia ni ukame. Haukuwa ukame. Nilikuwa mimi.

Mjombako Juma alikuwa dereva Uarabuni. Alitaka kumnunulia mamake tangi kubwa la maji, nyanyako aache kulala na madumu kama watoto wake. Kila akituma pesa, wa katikati wanakula kipande. Ndipo wenzake wakamwonyesha sarafu za mtandaoni. Akanipigia simu kunieleza, nami nikamwambia sielewi, akaona anieleze kwa mbuzi.

"Mejumaa, kuna bitkoini. Huyo ni mbuzi asiye na kamba. Leo yuko juu ya kilima, kesho yuko bondeni, na ukimfuata utaumia miguu. Kuna nyingine wanaiita stebokoini. Huyo amefungwa kwa kamba fupi kwenye mti wa dola. Anakula pale pale. Mimi nitakutumia huyo wa kamba."

"Na kamba ikikatika?"

"Hukatika mara nyingine. Kwa hiyo hatumwachi hapo siku nyingi. Ukimpata, unambadilisha kuwa shilingi, unanunua tangi."

Akaniongoza nikaweka waleti kwenye simu. Waleti ni pochi, lakini hapo ndipo wengi tunapopotea, kwa sababu pochi hii haina pesa ndani. Sarafu zenyewe zimeandikwa kwenye daftari kubwa huko mtandaoni. Pochi inashika ufunguo tu. Inakupa na anwani, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, kama mlango wa nyumba: yeyote akiuona aweza kukutumia, na hapati chochote kwa kuujua. Ufunguo ndio wa kuficha. Na kwa kuwa ufunguo wenyewe ni mrefu kuliko akili ya mtu, pochi huugeuza kuwa maneno kumi na mawili ya Kiingereza, yaliyopangwa. Mwenye maneno hayo kwa mpangilio wake ndiye mwenye mali, hata simu ikiungua, hata akiwa nchi nyingine.

Juma akasema, "Yaweke mahali salama. Yakipotea, hakuna ofisi ya kwenda kulia."

Sasa fikiria mwenyewe. Mahali salama kwetu ni wapi? Karatasi ina mchwa. Sanduku la nyanyako lina panya. Sisi kitu cha thamani hatukifichi, tunakiwekea mashahidi. Mahari hulipwa mbele ya watu. Mpaka wa shamba huonyeshwa mbele ya watu. Mtu akificha jambo lake ndipo tunaanza kumwuliza. Na mimi nina maneno kumi na mawili, na mweria una wanawake kumi na wawili. Nikaona Mungu mwenyewe amenipangia.

Kesho yake shambani kwa Kadzo, wakati wa kupumzika, nikawasimamisha kwenye mstari ule ule tunaolimia, maana kila mmoja alikuwa na nafasi yake na haibadiliki. Nikampa kila mtu neno moja akariri. Mimi nilichukua la mwisho. Nilijiona mjanja! Hakuna mmoja ambaye angeweza kuiba peke yake, na mpangilio ulikuwa ndio huo mstari. Walikariri huku wakicheka. Mmoja alikuwa kijiko, mwingine punda milia, mwingine kitunguu. Wakaanza kuitana kwa maneno yao.

"We Kijiko, nipe maji!"

"Mngoje Kitunguu amalize, asije akakuliza."

Nikafika kwa Bi Mwanamvua, wa tano. Nikamtamkia neno lake. Akauliza maana yake nini. Nikaangalia chini.

"Sema, mwanangu."

"Nguruwe."

Shamba zima likaanguka kwa kicheko. Bi Mwanamvua akatupa jembe. "Mimi na udhu wangu huu nitembee na nguruwe kichwani? Mejumaa, nimekukosea nini?"

Kadzo, ambaye ni mtu wa kanisani, akajitolea. "Nipe mimi, Bi Mwanamvua. Mimi hata nikimkuta kwenye sufuria simkimbii. Chukua langu, langu ni daraja."

Wakabadilishana. Nikasema moyoni, nitakumbuka: Kadzo wa tisa ana la tano, Bi Mwanamvua wa tano ana la tisa. Nisichojua ni kwamba mlango ulikuwa umefunguliwa. Jioni ile na siku zilizofuata, wakiwa wanateka maji, yule aliyeshindwa kutamka neno lake akambembeleza jirani wabadilishane. Kitunguu alichoka kuchekwa, akatafuta kijiko. Hakuna aliyeniambia, kwani kwao maneno yote yalikuwa bado yako ndani ya mweria, na lililomo ndani ya mweria halijapotea.

Pesa ya tangi ikaingia. Niliiona kwa macho yangu kwenye pochi. Ningeibadilisha siku ile ile, lakini nilitaka kwanza kuuliza bei za matangi. Siku ya tatu, naosha vyombo, simu iko kifuani, nikainama. Simu ikaingia kwenye karai la maji ya sabuni kama iliyoitwa.

Sikupata hofu hata kidogo. Si nina mashahidi? Nikaazima simu ndogo ya nyanyako nikampigia Juma kwamba yote ni salama, nikanunua simu nyingine ya mkono wa pili, nikaita mweria. Kila mmoja akasema neno lake, nikaandika, nikabonyeza. Pochi ikakataa. Nikarudia. Ikakataa.

"Wewe si kijiko?"

"Nilikuwa. Sasa ni kitunguu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Mimi nilikuwa wa nne!"

"Wa nne mimi! Wewe siku ile ulikuja umechelewa, una mtoto mgongoni, ukajichomeka."

Maneno yote kumi na mawili yalikuwapo, mwanangu, hata moja halikupotea. Mpangilio tu. Mwalimu mmoja wa hesabu nilipomweleza alikaa na kikokotoo, akaniambia maneno kumi na mawili yanaweza kupangwa kwa njia zaidi ya milioni mia nne na sabini. Akaniuliza kama nina haraka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lenyewe. La kwanza lilikuwa kosa la ushamba, na nalicheka mpaka leo. Hili la pili silicheki sana.

Sikutaka Juma ajue. Nikaingia mtandaoni kuomba msaada kwenye kikundi cha watu wenye pochi kama yangu. Haikupita dakika, mtu akaniandikia pembeni. Picha yake ni dada amevaa vile visikio vya wafanyakazi wa simu, jina lake limeandikwa Msaada kwa Wateja. Mpole! Aliniita dada, akaniuliza watoto hawajambo. Akasema, "Pole sana dada. Tutumie maneno yote hata yakiwa yamechanganyika, kompyuta yetu itayapanga."

Nikatuma.

Na hakusema uongo. Kompyuta iliyapanga. Kompyuta haichoki kama mwalimu wetu.

Kisha akaniandikia kwamba mitambo inafanyiwa marekebisho, nisubiri siku tatu. Nikasubiri siku tatu, nikasubiri nyingine, hajibu tena. Ndani ya wiki ile Bi Mwanamvua akapandisha mabati mapya jikoni kwake. Nami, badala ya kufikiria mgeni mmoja niliyempa maneno yote, nikawafikiria wenzangu kumi na mmoja niliowapa moja moja, nikaona kuna aliyeuvuruga mpangilio makusudi ili aifungue pochi yeye. Nikasimama shambani mbele ya wote nikasema, "Humu kuna mtu amelinywa tangi la mamangu." Na nilimtazama yeye.

Waliokota majembe yao wakaondoka, na kesho yake hakuna aliyekwenda kwa mwenzake. Huo ndio ukame niliokuambia.

Miezi minne nilimdanganya Juma. Kila akiuliza tangi, namwambia liko njiani. Akaja likizo. Asubuhi ya kwanza akatoka nje kutawadha, akazunguka nyumba mara mbili.

"Mejumaa, tangi liko wapi?"

"Liko njiani."

"Miezi minne? Linakuja kwa miguu?"

Nikalia, nikamwambia yote. Nilidhani atapiga kelele. Alichukua simu yake, akaitafuta ile anwani yangu aliyoitumia pesa, akaiandika kwenye ukurasa fulani, na palepale likafunguka lile daftari kubwa ninalokwambia. Hilo ndilo wanaloliita blokcheni. Nikueleze nililoelewa siku ile, maana sijaelewa zaidi tangu hapo. Kikundi chetu kingekuwa na katibu, katibu angekaa na daftari, na siku akitaka angechana ukurasa. Hili halina katibu. Watu wengi sana ulimwenguni wana nakala ile ile, na kila fungu la maandishi limeshonwa kwa lililotangulia, kwa hiyo ukitaka kufuta la jana lazima ufumue yote mbele ya macho ya wote. Wanaoandika na kuhakikisha hulipwa kidogo kwa kila muamala. Ndiyo ile ada wanayoiita gesi, nauli ya mzigo wako. Kwenye bitkoini waandishi hao huitwa wachimbaji, na usidhani wana sururu, wana kompyuta na bili kubwa ya stima.

Juma akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. "Hapa pesa imetoka. Siku hii, saa hii. Wewe maneno ulimtumia nani, saa ngapi?"

Nikafungua ujumbe wangu kwa yule dada wa visikio. Pesa ilitoka dakika kumi na mbili baada yake.

Daftari lilijua miezi minne yote kwamba Bi Mwanamvua hana kosa. Lilikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kusoma. Mimi tu sikuuliza. Lakini tuliyoweza ni kusoma tu, maana lililoandikwa hapo halirudi. Benki ukikosea unaweza kwenda kupiga meza. Hapa hakuna meza.

Nilikwenda kwa Bi Mwanamvua jioni ile ile. Alikuwa anachambua mchicha. Nilipomaliza kuomba radhi aliweka mchicha chini, akasema, "Mejumaa, mimi neno tu la nguruwe nilikataa kulibeba kwa sababu ya dini yangu. Tangi la mamako ndilo ningelibeba?" Akacheka. Nami nikacheka huku nalia, na Kadzo, ambaye alikuwa ameshafika kusikiliza nyuma ya ua, naye akacheka. Mweria ulirudi. Faini yangu ilikuwa kuchota maji ya kunywa ya walimaji wote msimu mzima, na unajua Kinango maji yako umbali gani. Msimu ulipoisha nikaja Diani kufua mashuka ya watu, kwa kuwa tangi lilikuwa bado linadaiwa na moyo wangu. Nilikuzaa nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka huu nina thelathini na tano, na mgongo wangu una sitini. Lakini tangi limenunuliwa, nyanyako anafungua mfereji.

Mzigo wa kwanza umekauka. Nimekunja, nimerudi.

Sasa nije kwa sarafu yako. Nisikilize kama ungemsikiliza mwenzako. Sikukatazi sarafu zenyewe. Mpaka leo Juma hunitumia kwa njia hii, nami nauza kwa ile wanayoiita pitupi, mtu kwa mtu: soko linashikilia sarafu yangu, mnunuzi ananitumia shilingi, nikithibitisha ndipo sarafu inaachiliwa. Na sithibitishi kwa ujumbe alionitumia mtu, kwa kuwa ujumbe hata mtoto anaweza kuutunga. Naangalia salio langu mwenyewe. Maneno yangu mapya kumi na mawili nimeyaandika kwa mkono wangu, hayajapigwa picha, hayako kwenye simu, na hata wewe hujui yalipo. Usiyatafute.

Lakini hiyo yako. Priseli maana yake wanauza kabla sarafu haijaingia sokoni. Wako wanaofanya hivyo kwa haki, ila wewe unanunua mbuzi aliye bado tumboni, na huyo mama mbuzi hujamwona. Eadropu ni sarafu za kugawiwa bure ili habari ienee. Ziko za kweli. Ya kweli haikuombi maneno yako wala haikutozi ili ikupe cha bure. Na hilo la kuleta marafiki wawili, Saumu, hilo kwetu lina jina lake la zamani kabla ya simu kuzaliwa. Ni upatu. Wa kwanza hulipwa na mifuko ya wa mwisho, na marafiki wako wawili ndio hao wa mwisho. Ukipoteza chako utalia. Ukipoteza cha rafiki yako utaona macho yake shambani, kama nilivyoona.

Unasema imeshasoma elfu moja na mia nane. Imesoma wapi? Kwenye ukurasa wao. Mwenye ukurasa anaweza kuandika hata milioni. Swali ni nani atakununulia siku ukitaka kuuza. Soko la mifugo la Kinango umeliona mwenyewe. Mtu ana mbuzi mgonjwa, anawaleta binamu zake watatu, wanasimama kama hawajuani. Mmoja anataja bei, wa pili anapandisha, wa tatu anatukana kwamba mbuzi mzuri hivi wanamdhulumu. Mgeni kutoka Taru anaona watu wanamgombania, naye anaingia. Binamu wanakwenda kunywa chai. Kwenye sarafu wanaita kupampu, kuipuliza bei. Wakati mwingine binamu ni mmoja tu, tajiri mwenye sarafu nyingi kupita kiasi, wanamwita nyangumi; akijigeuza kidogo nyinyi dagaa mnajikuta nchi kavu. Na waanzilishi wakichota pesa yote wakatoweka, huko ni kuvuta zulia, nanyi mmesimama juu yake. Wewe unakwenda kusomea mifugo. Mshike mbuzi ubavu kwanza, halafu ndipo uwasikilize watu.

Kuna neno lao moja nalipenda, fomo. Ni ile hofu kwamba wenzako wamepanda na wewe umeachwa kituoni. Mimi nilikuwa nayo ya aina yangu. Nilifanya haraka nisionekane mjinga. Yule dada wa visikio hakuniibia kwa ujanja wa kompyuta peke yake. Alinikuta nimejificha, nikamfungulia mlango mimi mwenyewe.

Nikiri na hili. Nilipokaa kwenye kapu hili nilikuwa nimeamua nikutumie pesa zako kidogo kidogo kila Jumamosi, kama posho ya mtoto. Nilikuwa na sababu nzuri. Bado ninazo

Subiri, simu inatetemeka kwenye aproni.

Ni wewe. Nauandika ujumbe wako hapa kama ulivyo, ili uusome tena ukiwa Eldoret:

"Mama shikamoo. Nimejaribu kutoa kama ulivyosema. Wanasema akaunti imefungwa, nilipe kwanza elfu moja ya kuifungua ndipo nitoe zote. Admini amenipigia mwenyewe, ni mpole sana. Amesema nikipitisha saa kumi nafasi yangu inapotea. Nilipe?"

Nimekujibu kwa maneno mawili, usilipe, nakuja. Wenzangu wananiuliza Mama Saumu mbona wacheka na mashine.

Mwanangu, mimi siku ile nilikuwa na wanawake kumi na mmoja umbali wa kupaza sauti, na sikumwuliza hata mmoja. Wewe una mama umbali wa safari ya bodaboda, ulimcheka jana, na leo umemwuliza. Hiyo mia tano ihesabu ni ada ya somo, na shukuru, maana mimi nililipa tangi zima. Ukiwa huko utakosea mengine nisiyoyajua hata majina. Niulize hivi hivi, kabla. Na ukishindwa kabla, basi siku ile ile. Usikae nayo miezi minne.

Pesa za muhula nimekutumia sasa hivi, zote, kwa mkupuo mmoja. Nimeona jina lako kwenye simu yangu, nimebonyeza. Namba yako ya siri siijui na sitaki kuijua.

Mzigo wa mwisho umekauka, ninatoka. Teleka chai. Na huyo admini akipiga tena usimkatie. Mwambie angoje kidogo, mamako yuko njiani, anataka kuusikia huo upole wake.

Mamako akupendaye,
Mejumaa